Makomamanga ya Kongowea

Kaka yangu alinipigia simu mara tu baada ya swala ya alfajiri. Mimi nimeolewa Msambweni; kaka zangu na wake zao wako Malindi na mama. "Mama anaumwa kidogo," akasema. "Anakuulizia. Njoo leo." Ile "kidogo" ndiyo iliyonituliza. Nikapika chai, nikawatayarisha wanangu waende shule. Mume wangu alitaka nikodi teksi nipitie Dongo Kundu, niepuke feri. Nikamwambia, "Mama anaumwa, nyumba haiungui."

Likoni nilisimama na watu wa miguu hadi jua likanichoma utosi. Feri moja ilijaa, ikatuacha langoni. Nilipovuka, sikwenda moja kwa moja kwenye magari ya Malindi. Nilipita sokoni Kongowea kumnunulia mama makomamanga, maana akiugua hali kitu kingine. Nikawa nachagua moja moja, nabishana na muuzaji, kaka akapiga tena.

"Umefika wapi?"

"Kongowea."

"Bado uko Kongowea?"

Sauti yake ilinikera. "Ala! Mgonjwa hatoroki!" Akakata simu.

Mtwapa barabara inapanuliwa, na siku hiyo magari yaligoma kabisa kusonga. Adhuhuri iliadhiniwa tungali palepale, vumbi mpaka puani. Tulipovuka daraja la Kilifi nikampigia kaka, hakupokea. Nikampigia mkewe, naye kimya. Nilimlaani kila dereva aliyekuwa mbele yetu.

Kichochoroni kwetu niliwakuta wanaume wanarudi makaburini na jeneza tupu. Sikuhitaji kuambiwa. Mimi ndiye binti pekee wa mama. Kumwosha ilikuwa haki yangu, tena nilishamwahidi. Wifi zangu walimwosha, akavishwa sanda, akaswaliwa, akazikwa, na mimi niko njiani na mfuko wa matunda.

Nilimkamata kaka kanzu mbele za watu. "Kwa nini hukuniambia? Ningekodi hiyo teksi! Ningewaambia mningoje, na mngeningoja!"

"Mama alikuwa ameshafariki nilipokupigia alfajiri, nawe ungesafiri peke yako," akasema. "Habari kama ile haipewi mtu mwenye safari mbele yake. Tuliogopa utaanguka."

"Mimi mtoto mdogo? Umeninyima mama yangu. Wallahi sikusamehei!"

Wazee wakaniambia nisubiri, nimche Mungu. Sikumwachia kanzu, naye hakujitoa mikononi mwangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba alipofariki mimi nilikuwa Lamu," akasema polepole. "Nani aliyenipigia simu, akaniambia baba amepata nafuu, nisije mbio?"

Ni mimi. Baba alikuwa ameshafunikwa shuka, na mimi nikajiona nina huruma.

"Nilishuka njiani, Garsen," akasema, "nikaagiza chai na mahamri. Nilikula nikashiba, dada yangu. Sijawahi kukwambia."