Jina Chini ya Mdomo wa Fremu

Mama Fremu aliwadharau wachoraji tangu alipoanza kuwatengenezea fremu za picha, na kila mwaka ulimwongezea sababu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya gundi na vumbi la mbao, vioo vimeegemezwa ukutani juu ya mablanketi makuukuu. Wateja wake wakubwa walikuwa wawili, na mji mzima uliwaita vipaji visivyo na mfano. Yeye alikuwa na majina mengine ya kuwaita, ila hakuyatamka mbele ya wateja.

Wa kwanza alikuwa Kishindo. Huyu aliwahi kumtukana mwenyeji wake hadharani, akaipasua picha yake mwenyewe mbele ya kamera, kisha alfajiri ya pili akaja karakanani, macho mekundu, kuuliza kama inaweza kuungwa. Saini yake ilikuwa kubwa hata ikameza miguu ya ng'ombe aliowachora.

Wa pili walimwita Mtawa. Hakusaini, hakupigwa picha. Waandishi wa habari walipobisha hodi, alichungulia dirishani kuwaambia kwamba hayupo, nao wakaandika ukurasa mzima juu ya unyenyekevu wake. Mkewe alirudi kwao baada ya kuchoka kununiwa. Hilo nalo likahesabiwa kuwa kina cha fikra.

Kwa huyo Mtawa ndiko alikotaka kwenda binti wa pekee wa Mama Fremu, mwenye mkono mwepesi wa penseli: akaishi huko, amsagie rangi na kumwoshea brashi bila ujira. Begi lilikwisha kufungwa.

"Mama, Kishindo ana wazimu wa sifa. Mwenzake hana habari nazo."

"Asiye na habari nazo hujificha bila kutangaza alikojificha."

"Wewe mtu akiwa na kipaji tu, kwako keshaharibika!"

"Kipaji nakiheshimu, mwanangu. Mwenye nacho ndiye anayenichefua."

Yalipokaribia maonyesho ya wachoraji hao wawili, Mtawa alikuja mwenyewe, picha kaifunika shuka. Binti alikuwa nyuma ya rafu ya mbao akisugua kioo, mgeni hakumwona.

Kila fremu ina mdomo: ukingo wa mbele unaoilalia picha kwa upana wa kidole, ili isichomoke. Mtawa akaugusa ule wa chini.

"Hapa pembeni, mama, upunguze kidogo."

Mama Fremu akainama. Ukingoni kabisa, mahali ambapo mdomo ungefunika, palikuwa na jina kamili la Mtawa kwa herufi ndogo, nadhifu.

"Kumbe siku hizi unasaini."

"Hapana, hapana. Hiyo ni yangu mwenyewe, ya siri. Ila jina likichungulia, watasema fundi kakosea kipimo."

"Yaani nikosee mimi."

"Wewe watu hawakujui, mama. Haitakudhuru."

Nyuma ya rafu, kitambaa kilinyamaza juu ya kioo.

"Na wapiga picha?" Mama Fremu aliuliza taratibu.

"Nasikia watakuja. Mimi sitakuwapo," alisema, kisha akajikohoza. "Au nitasimama nyuma."

Alipokwisha kuondoka, binti alitoka, uso umemshuka. Mama Fremu alikuwa na maneno ya kutosha wiki nzima, akayameza yote. Binti aliilaza picha mezani, akachukua rula, akachora mstari kwenye mbao.

"Mteja ameagiza tupunguze," mama alimkumbusha.

"Mteja ameagiza fundi akosee kipimo. Basi nakosea."

Akakata mdomo wa vidole viwili.

Siku ya maonyesho, Mtawa aliyesema hatakuwapo alifika kabla ya mlango kufunguliwa. Alisimama kando ya picha yake, akaikodolea pembe isiyo na jina, akamtazama Mama Fremu. Angelalamika nini, na kwa nani? Upande wa pili Kishindo alikuwa amepanda juu ya kiti, akiwaita wageni vipofu huku akihakikisha kamera zinamwona upande wake mzuri.

"Tazama," bibi mmoja alinong'ona mbele ya Mtawa, "hata herufi moja hakuweka. Huyu hana makuu kabisa."

"Jina ni kitu gani?" alijibu Mtawa, akiikodolea tena ile pembe.

Binti, ambaye begi lake lilikuwa limefunguliwa tangu siku ile ya rula, aliangua kicheko kilichojaza ukumbi. Kishindo akageuka pale juu ya kiti, akadhani anashangiliwa, akainama kushukuru.