Heche na Sabufa za Ukutani

Heche Simioni wa Nyangoto alizaliwa wa mwisho kwao, akanyonya hadi akawa na uwezo wa kumfuata mama yake shambani kwa miguu yake mwenyewe kudai maziwa. Waliomwona siku zile walisema atakuwa mtu wa kuamuru wenzake. Hakuwa. Alikuwa mtu wa kuanza. Alianza sekondari kwa ada ya kaka yake, Mwalimu Sylvester, akaishia kidato cha pili. Alianza kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu, na wenzake, wakafika kwenye maji kabla ya kufika kwenye mwamba. Alianza banda la video, likaliwa na mchwa. Alianza hata ndoa, na mkewe, mwanamke mwenye akili zake, akarudi kwao asubuhi moja na sufuria zake zote, Heche akiwa bado anakoroma.

Jambo moja tu hakulichoka, nalo ni muziki wa kishindo. "Muziki usiokupiga kifuani," alipenda kusema, "ni taarifa ya habari."

Mwalimu Rhoda, mjane wa Sylvester, alimvumilia shemeji huyu kama mtu anavyovumilia jino bovu, kwa kutafunia upande wa pili. Matanga ya mumewe yalipokwisha, wazee wa ukoo walipouliza ni nani atamrithi yeye mjane, alisimama mbele yao akasema atakaa na jina la marehemu, na jina hilo litamtosha. Akabaki katika nyumba ya matofali aliyoijenga Sylvester, yenye sakafu inayong'aa na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono juu ya kila kiti. Heche akabaki ng'ambo ya ua, katika kijumba chake cha udongo.

Mwaka huu binti wa Rhoda, Ghati, muuguzi huko Mugumu, alipata mchumba. Kijana anaitwa Ezekiel, na baba yake ni Mzee Mogesi wa Nyanungu, mtu ambaye watu wanasimulia kwamba aliwahi kuvunja posa moja kwa sababu tu alipewa kiti chenye kinyesi cha kuku. Wakwe walipanga kuja Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyohiyo, kabla hawajaja, Rhoda akalazimika kwenda Musoma kutibiwa macho. Kwa kuwa kimila Heche ndiye angekaa kwenye kiti cha baba wa binti siku hiyo, Rhoda aliona ampe kazi ya heshima ili asije akanuna mbele za watu. Akamwachia ufunguo na kopo la rangi.

"Kuta nne za sebule, Heche. Ukimaliza, ufunguo mpe jirani yangu Robi. Usiguse kitu kingine."

"Shemeji, unanisema kama mwanafunzi wako."

"Mwanafunzi wangu ningemwamini."

Asichokijua Rhoda ni kwamba Heche alikuwa amerudi kutoka Sirari na sabufa mbili za gari, kila moja ikiwa na upana wa inchi kumi na tano, alizozitoa kwa mtu anayechinja magari mabovu. Zilinuka moshi, mafuta ya kula na jasho la abiria. Alizijengea boksi la mbao nyepesi katika kijumba chake, zikatoa sauti kama ya mtu anayetapika ndani ya ndoo. Akampelekea malalamiko Nassib, fundi redio wa Tarime mjini. Nassib akamweleza kwa upole kwamba sabufa ya gari imezoea kusukuma hewa nyingi na kusaidiwa na bodi la gari, na kwamba nyumbani inadai boksi kubwa lililopimwa. Akaongeza, kwa bahati mbaya ya watu wengine, kwamba wapo wanaozifunga ukutani, uso ukaangalia sebuleni na mgongo ukaangalia chumba cha pili, hapo chumba chenyewe ndicho kinakuwa boksi.

Katika maneno yote ya fundi, Heche alirudi nyumbani na hayo ya mwisho. Kijumba chake kina chumba kimoja. Nyumba ya kaka yake ina vinne.

Rhoda alirudi Ijumaa mchana. Alipofungua mlango, pua ilimpa habari kabla ya macho, harufu ya asidi ya betri na ya soksi. Juu ya kitambaa chake cheupe, kile alichokifuma akiwa na mimba ya Ghati, limekaa betri la gari lenye kutu ya kijani, na chini yake kitambaa kimeungua kikawa kama uji uliomwagika. Ukuta mmoja ulikuwa na rangi mpya. Ukuta unaotenganisha sebule na chumba chake cha kulala ulikuwa na matundu mawili ya duara, mapana kama karai. Tundu moja lilikuwa na sabufa. La pili lilikuwa wazi, na kupitia humo Rhoda akaona kitanda chake, mto wake na gauni lake la kulalia msumarini.

Akaingia chumbani. Juu ya shuka la zambarau palikuwa na vumbi la tofali, alama mbili za viatu vya shambani, na kipande cha muwa kilichotafunwa kikatemwa. Akatoka nje.

Heche alikuwa uani, amepakata sabufa ya pili. Ukingo wake laini ulikuwa umeoza, naye alikuwa akiubandika vipande vya mpira wa baiskeli kwa gundi, akilamba kidole kila mara ili gundi isimnate.

"Karibu, shemeji! Subiri nikuwashie hiyo moja usikie. Mbwa wa Robi amekimbia tangu jana, hajarudi."

"Ulikanyaga kitanda changu."

"Ukuta upande wa sebule ni mgumu, kaka alipiga saruji kweli kweli. Upande wa chumbani ni laini. Na kitanda kiko usawa mzuri, sikuhitaji ngazi."

"Chumba changu cha kulala, Heche!"

"Siyo chumba sasa. Ni boksi." Akatabasamu kwa fahari ya mtu aliyebuni kitu. "Boksi kubwa kuliko yote Nyangoto."

Rhoda hakupiga kelele. Mwanamke anayepiga kelele uani huwagawia majirani habari zake bure. Alimwambia mambo mawili tu. La kwanza, betri litoke. La pili, alimkumbusha kesho ni siku gani, na kwamba kwa watu wa Nyanungu, kama kwa watu wa Nyangoto, mkwe akiona kitanda cha mama mkwe wake ni sawa na kumwona uchi.

Heche akafikiri kidogo. "Basi wasichungulie," akasema.

Fundi wa kuziba hakupatikana Ijumaa hiyo. Rhoda alifua shuka mara mbili, akatundika kanga mbili juu ya matundu, akaamua wageni wakae uani chini ya turubai, kwa kisingizio cha harufu ya rangi.

Wakwe walifika asubuhi, wanaume watano na Waisiko, shangazi wa kijana, mwanamke mkavu mwenye macho ya kuhesabu. Shikamoo zikatolewa, uji wa wimbi ukanywewa, maneno yakaanza kwenda vizuri. Ng'ombe walitajwa kwa sauti za chini. Heche alikaa katika kiti cha Sylvester ndani ya koti la Sylvester, amenyooka, hata Rhoda akaanza kudhani kwamba labda koti lina dawa. Akaenda jikoni kusimamia nyama.

Huku nyuma mazungumzo yakatulia, kama yanavyotulia watu wakisubiri chakula, na Heche hakuweza kuvumilia ukimya.

"Ezekiel, mwanangu, wewe unapenda muziki?"

"Napenda, baba mdogo."

"Njoo uone kitu ambacho hata Mwanza hakuna."

Akamshika mkono, akamwingiza sebuleni, na wazee wawili wakafuata kwa udadisi. Rhoda alisikia mlango, akatupa mwiko, akakimbia. Alifika wakati Heche anavuta kanga kama mtu anayefungua pazia la ukumbi.

"Hii inaimba. Na hapa ndipo itakaa ya pili. Ingiza kichwa, mura, uone ukubwa wa boksi!"

Na yule kijana, kwa adabu yake yote, akaingiza kichwa.

Alikitoa kwa kasi kama aliyechomwa. Akafunika uso kwa viganja, akatoka nje bila kumtazama mtu.

Mzee Mogesi alimwita mwanawe mbele ya wote. "Mura, umeona nini?"

"Tata, usiniulize."

"Nimeuliza."

"Nimeona shuka. La zambarau. Na mto."

Wanaume wa Nyanungu wakainuka kwenye viti vyao kwa pamoja. Mzee Mogesi akabaki ameshikilia fimbo. "Nani alitoboa ukuta ule?"

Macho yakamgeukia Heche. Heche akatazama viatu vyake. "Mimi ni mikono tu, mzee wangu. Kazi huagizwa na mwenye nyumba."

Rhoda alifungua kinywa ili amvue nguo mshenzi yule hadharani, lakini Waisiko alimtangulia.

"Ulitobolea upande upi?" shangazi aliuliza, taratibu.

"Upande wa chumbani," Heche akajibu kwa furaha ya kuulizwa jambo la kiufundi. "Ni laini zaidi."

"Ahaa. Upande wa chumbani. Siku ngapi?"

"Tatu. Nne na kupima."

"Na mjane mwenyewe alikuwa wapi siku hizo nne, shemeji yake akiwa kitandani kwake?"

Hapo ndipo Rhoda alipoona shimo lenyewe, na halikuwa la ukutani. Akisema Heche aliingia bila ruhusa, kesho Nyanungu yote itajua kwamba nyumba ya Mwalimu Sylvester ni nyumba ambayo mwanamume hujiingilia chumbani kwa mjane. Ghati ataolewa na nani baada ya hapo? Jina alilolilinda kwa miaka sita litaliwa kwa siku moja pamoja na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo.

Akakaza kanga yake kiunoni.

"Niliagiza mimi," alisema, kwa sauti aliyokuwa akisomea matokeo ya mitihani. "Nilikuwa Musoma kwa matibabu ya macho, cheti cha hospitali ninacho. Robi alikuwa humu ndani siku zote akiisimamia kazi."

Robi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi. Mbwa wake alikuwa bado porini. Robi hakupepesa hata kope.

"Nilikuwepo," akasema. "Vumbi liliniua."

Waisiko aliwahesabu wote wawili kwa macho. Mzee Mogesi akakohoa, akaketi. Mwanamke msomi kupenda makelele, alisema, ni ugonjwa, siyo aibu. Lakini jicho la kijana limeona lisichopaswa kuona. Mwenye kosa atatoa mbuzi, jicho lisafishwe, na ukuta uzibwe. Baada ya hapo maneno ya ng'ombe yataendelea.

"Mwenye kosa," Rhoda alimnong'oneza Heche jikoni, "mfungue yule beberu wako."

Heche alishangaa kwa dhati. "Wangu? Mbele ya wazee umesema mwenyewe umeagiza. Nikitoa wangu, si tutaonekana waongo?"

Rhoda alikwenda mwenyewe bandani akamfungua mbuzi wake jike, mwenye mimba, aliyekuwa amemtengea Ghati.

Mbuzi alichinjwa, kijana akanawishwa uso, ng'ombe wakakubaliwa wote bila kupunguzwa hata mmoja. Kwa kuwa Heche ndiye aliyekalia kiti cha baba, ini lilipelekwa kwake kwanza. Alilila lote, mafuta yakimtiririka kidevuni hadi kwenye kola ya koti la marehemu, akajifutia mkono wa koti hilo, akamwinamia Mzee Mogesi.

"Siku ya harusi, mkwe," alisema, mdomo umejaa, "niachieni mimi muziki. Shemeji yangu huyu ukimwona kimya hivi, anaupenda kupita kiasi."

Mzee Mogesi akacheka. Rhoda naye akacheka, kwa kuwa walikuwa wanamtazama.