Kona ya Duka la Mwantum

Fundi huyu hasemi mpaka aguse ukuta. Hunusa ubao kwanza, akaupapasa kwa kidole gumba kama anayempima mtoto homa. Mwantum alimtazama roho juu. Miaka hii ya ruksa ya biashara kila mtu anafungua duka. Lake lilikuwa lifunguliwe kesho, na mafundi wawili walishashindwa kuunganisha mikanda ya mbao ya dari kwenye kona. Wote walitega msumeno wa umeme wa Dubai kwenye nyuzi arobaini na tano, wote wakaacha pengo la kupita mjusi.

Huyu alichukua karatasi ya mfuko wa saruji, akaikata ifuate kona ile ile, akaikunja kingo mbili zikutane, mkunjo ukaigawa kona katikati. Kisha akalaza msumeno kufuata mkunjo, namba hata hakuitazama. Msumeno ukalia mara mbili. Mikanda ilipokutana, Mwantum akajaribu kuchomeka wembe kwenye maungio. Wembe ukagoma.

“Ndaga fijo, asante sana, fundi!” Akapiga kigelegele mpaka wapita njia wakachungulia. “Na ile arobaini na tano?”

Fundi akapuliza unga wa mbao mkononi.

“Namba ni ya Dubai, mama. Kona ni ya Tukuyu.”