Godoro la Mfanyakazi Bora

Jamani, nichekeni, lakini taratibu.

Msimu wa kahawa ulipokaribia kwisha, bosi wetu pale ghalani Mlowo alitangaza kwamba mfanyakazi bora angezawadiwa godoro jipya, tano kwa sita. Mimi ndiye mtunza ghala, nikaona mshindani sina. Kesho yake bosi akaniita pembeni.

"Bwana stoo, keria ya baiskeli yako inaweza kubeba godoro?"

"Hata mawili, bosi!"

"Basi usimwambie mtu."

Nilimwambia mke wangu tu. Godoro letu kuukuu tukampa shemeji yangu, akaondoka nalo kwenda kwake Itumba asubuhi ya sherehe. Mimi nikavaa koti la harusi.

Bosi alipotamka, "Mfanyakazi bora ni...", nilikuwa nimeshasimama, nafunga kifungo.

"...Mama Tusekile, mchambuaji wetu wa kahawa!"

Ghala zima likanigeukia. Nikapiga makofi palepale nilipo, kana kwamba nilisimama kwa heshima yake.

"Ahsante, bwana stoo, naona umeshajiandaa," bosi akasema. "Si jirani yako huyu? Mfikishie godoro lake."

Nikaisukuma baiskeli mpaka mtaani, Mama Tusekile akinifuata nyuma, anaimba pambio. Mke wangu alikuwa mlangoni na wanawake wenzake wa kwaya, vigelegele hewani. Nikapita bila kugeuza shingo.

"Baba Neema!" mke wangu akaita. "Mbona nyumba umeipita?"