Sabato Ilipomkuta Nyakerario Mfangano

Nyakerario alipotimiza miaka sabini alifunga kibanda chake cha ndizi sokoni Uriri, akanunua mkoba wa buluu wa kuvaa mgongoni, akaanza kuzurura. Hakuna neno jingine la kufaa. Kwa miaka thelathini aliwauzia ndizi wapita njia, yeye amekaa palepale juu ya kigoda. Sasa ilikuwa zamu yake. Alikwenda Isebania, akavuka mpaka kwa miguu ili tu anywe chai Sirare na aweze kusema ameinywa Tanzania. Alikwenda Osiri kuona dhahabu inavyochimbwa, akateleza kwenye kifusi, goti likavimba kama boga. Hapo ndipo mwanawe Machuki alipokuja juu.

Machuki ni mzee wa kanisa la Waadventista, mtu mwema, ila ni mwoga wa kila kitu kinachosogea. Mama yake aliposema anataka kuona Mfangano, kile kisiwa cha ziwani upande wa Homa Bay, alishika kichwa.

"Mama, goti yako imekataa. Nenda, lakini hii ndio ya mwisho. Tena kama Ijumaa jua inazama na haujafika nyumbani, hiyo mkoba naweka juu ya dari na hautaiona tena."

"Ya mwisho tutaongea nikirudi," alisema Nyakerario. "Ya Ijumaa nimekubali."

Mfangano alifikia kwa Leonida, mjane anayeanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita dani, yaani nyanya. Alianika omena pamoja naye, akatumbukiza miguu ziwani, akapanda mlima ulio nyuma ya nyumba mpaka nusu, goti likagoma, akarudi. Ile nusu iliyobaki ilimkaa rohoni.

Ijumaa asubuhi na mapema alikuwa ufuoni, mkoba mgongoni. Lakini upepo ulikuwa umechafua ziwa na nahodha akakataa kuondoka. Wakangoja mpaka saa sita, wakangoja mpaka saa tisa. Ziwa lilipotulia, jua lilikuwa linagusa maji.

"Dani, panda. Umebaki wewe tu," Leonida alimhimiza.

Nyakerario alitia mguu mmoja majini, akalitazama jua, akaurudisha. Kama angesafiri usiku huo angefika nyumbani kabla ya kupambazuka, ambembeleze Machuki, labda asamehewe. Lakini Sabato, ambayo kwa Waadventista huanza Ijumaa jua likizama, ilikuwa inaingia, na tangu abatizwe hakuwa amewahi kusafiri Sabato. Aliumia sana. Aliuona mkoba wake darini, umejaa vumbi, na yeye chini yake amekaa tena kwenye kigoda. Mashua ikaondoka.

Alimpigia mwanawe simu. "Machuki, Sabato imenikuta kisiwani. Siwezi kusafiri."

Mzee wa kanisa angesema nini? Amwambie mama mzazi avunje amri?

"Kaa hapo," alisema hatimaye. "Jumapili nakuja kukuchukua mwenyewe."

Jumamosi Nyakerario alisali na kuimba nyumbani kwa Leonida. Leonida ni Mkatoliki, lakini nyimbo alizozijua aliitikia, na zile asizozijua aliitikia vilevile.

Jumapili adhuhuri mashua ilimshusha Machuki akiwa amevaa suti, viatu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Katika miaka yake hamsini hakuwa amewahi kupanda chombo cha majini. Nyakerario aliacha omena zake, akaenda kuuleta mkoba yeye mwenyewe, akamnyooshea.

"Chukua. Tulikubaliana," alisema.

Machuki aliupokea. Aligeuka akalitazama ziwa alilolivuka, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akainua macho kwenye mlima.

"Mashua ya kurudi ni saa ngapi?"

"Ya leo ni saa tisa," alisema Leonida. "Ingine ni kesho asubuhi."

"Na huko juu, watu hupanda?"

"Hupanda," alijibu mama yake. "Mimi nilifika nusu."

Machuki alivaa viatu vyake. Akapitisha mikono kwenye kamba za ule mkoba wa buluu, akaukaza mgongoni juu ya koti la suti, akampa mama yake mkono wa kuegemea.

"Basi twende tumalize hiyo nusu ingine. Tutarudi na ya kesho."