Simu ya Mzee Evelio Imefutika

Umeme umerudi saa tatu asubuhi, na nusu ya mtaa imejaa barazani kwa Maidelín Quesada, hapa Camagüey, Kuba. “Wa mwisho nani?” anauliza kila anayefika, na aliye wa mwisho anainua mkono bila hata kugeuka.

Maidelín, fundi simu mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hana muda wa salamu ndefu. Kompyuta ikizimika wakati simu inawekewa mfumo mpya, simu inaweza kwenda isirudi.

“Inakufia mkononi,” anasema huku akichomeka waya. “Halafu ukae umweleze mwenyewe kwamba ni umeme. Nani atakuamini?”

Simu nyingi mezani kwake zimeletwa na jamaa wanaoishi Florida. Zimeshatumika huko, na kampuni zilizozitengeneza zimezitupa mkono. Programu za malipo zinazikataa kwa kuwa mfumo wake umezeeka. Maidelín hufungua kufuli la ndani aliloliweka mtengenezaji, huondoa mfumo wa zamani na kuweka mwingine, ulioandikwa na watu wa kujitolea, na simu inaanza maisha upya. Kwa kazi hiyo hutoza peso elfu mbili, fedha isiyofika bei ya trei ya mayai.

Sharti ni moja tu. Kufuli hilo likifunguliwa, simu inafuta kila kilichomo. Imetengenezwa hivyo ili mwizi asipate vya watu. Kioo huuliza kwanza kama una hakika, na Maidelín hubonyeza ndiyo.

Huwa hatazami kilichomo. Simu za mitumba huja na harusi na watoto wa watu asiowajua, naye alilelewa asichungulie vya wenzake. “Mimi ni fundi,” anasema, “si jirani wa dirishani.”

Mara sauti inapazwa kutoka kona ya barabara: “Mkate umefika!”

Baraza linabaki tupu kufumba na kufumbua. Hapa hakuna anayepoteza nafasi kwa kwenda kuchukua mkate. Unaweka simu yako kwenye benchi, mahali pako, nayo inakushikia foleni. Mzee Evelio Betancourt, mstaafu wa reli, anaiweka yake katika nafasi ya pili na kuondoka akijikongoja. Ya kwanza ni ya Nereida, mshonaji wa nyumba ya pili, ambaye amebaki ili ampikie fundi kahawa.

Kahawa inakuja, na kikombe kinapinduka. Nereida anazinyanyua simu mbili za mbele, anafuta benchi kwa upindo wa aproni, anazirudisha. Zote ni nyeusi, za aina moja. Mwandishi wa habari hii aliyaona hayo kwa macho yake na hakushtuka hata kidogo.

“Ya kwanza ni yangu, shoga,” Nereida anasema. “Fungua tu, nimeshahamisha vitu vyangu.”

Maidelín anaichukua ya kwanza. Haina namba ya siri. Anaichomeka, kioo kinauliza, anabonyeza ndiyo.

Mzee Evelio anarudi na mkate kwapani. Anaiokota simu iliyobaki kwenye benchi, anaikazia macho, anaigeuza.

“Hii si yangu,” anasema. “Kuna picha ya paka.”

“Paka ni wangu,” anajibu Nereida. Kisha anatazama meza ya fundi, na mkono unamwenda mdomoni.

“Binti yangu,” Mzee Evelio anamwambia Maidelín, taratibu, “yangu ilikuwa tundu la chaji tu. Tundu la chaji, basi. Mle ndani yumo Zoraida.”

Zoraida alikuwa mkewe. Alifariki Januari. Ndani ya simu ile zilikuwamo jumbe za sauti alizomtumia mumewe, na mzee alizisikiliza kila asubuhi akiwa anavaa viatu.

Maidelín anamgeuzia mzee kioo: simu imeshafutika.

“Simu yake!” Nereida anapaza sauti. “Aliyekutumia jumbe anabaki nazo. Simu ya Zoraida iko wapi, mzee?”

Anayejibu ni Maidelín, kwa sauti isiyosikika vizuri. “Niliifuta mimi. Mwezi wa pili. Mzee aliniletea niisafishe apate kuiuza.”

“Nilikwambia futa vyote,” mzee anakubali. “Nilisema mimi ninazo zangu.”

Mkono mmoja, mara mbili, na mara zote mbili bila ubaya wowote.

“Hukusikiliza hata moja?” anauliza mzee. “Hata kidogo?”

“Sikusikiliza, mzee wangu. Huwa sisikilizi vya watu.” Sasa analia waziwazi. “Laiti ningekuwa mmbea!”

Waliorudi na mikate wamesimama tu. Hakuna anayeuliza wa mwisho ni nani.

Mzee Evelio anakaa. Anaivuta simu yake iliyofutika, ambayo Maidelín ameshaiwekea mfumo mpya kwa sababu hakujua afanye nini kingine. “Inarekodi?” anauliza.

Fundi anambonyezea.

“Evelio,” mzee anaanza, kwa sauti ya juu, ya kulalamika, isiyo yake, “usiponunua kitunguu leo, utakula wali mweupe huku ukitumbua macho. Na koti lako la reli nimelitoa kabatini, linanuka panya.”

“Siyo hivyo!” Nereida anadakia huku akifuta machozi. “Zoraida hakuanza na Evelio hata siku moja. Alianza na ‘we kiziwi’.”

“Kweli,” anasema mzee. “Tuanze tena, binti. ‘We kiziwi...’”

Anazisema zote, ujumbe kwa ujumbe, na pumzi na vikohozi vya mkewe mahali pake. Watu wanacheka, na wanaocheka wanajifuta macho.

Maidelín anasema tangu sasa hafungui kufuli la simu yoyote kabla ya kunakili kilichomo, hata mwenye simu akiapa kwamba haina kitu. Amemtumia dada yake wa Florida ujumbe amletee diski kubwa ya kuhifadhia. Itafika lini, hajui.

Kwa leo amepanga kazi moja. Sauti ya Mzee Evelio ameinakili kwenye kompyuta, kwenye simu yake mwenyewe na kwenye simu ya Nereida, na sasa anapita barazani, kutoka mtu hadi mtu, akiomba kila mmoja aipokee.