Shiraa ya mabuibui makuukuu

Juzi kwenye tamasha nilimwona msichana amevaa shiraa, watu wanampiga picha, na papo hapo nikasikia harufu ya mafuta ya cherehani ya mama.

Mama alipotoka eda ya kufiwa na baba tu, Ami Shee, ndugu wa baba yangu, alitutoa nyumbani kwetu. Namtaja kwa jina kwa sababu ni yeye, si mwengine. Tukahifadhiwa katika chumba cha uani kwa jirani. Mchana mmoja mama alifumua mabuibui yake makuukuu, akayaunga na pazia moja jeusi. Nguo ikajaa chumba kizima. Nikadhani atushonea hema.

"Mama, tutalala sote humu?"

Akacheka mpaka uzi ukamkatikia. "Hii ni shiraa, mwanangu. Bibi zako wakipita nayo, wanaume huwapisha ndia. Leo ami yako aoza binti, na ataka mimi niingilie mlango wa jikoni."

Alasiri aliiinua kwa vijiti viwili, akashika ndia kuu, mimi nyuma nimeshika pindo. Ami Shee alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele wa nyumba ya harusi. Akatazama, akasogea kando.

Nyumba hakuirudisha mpaka akafa. Lakini siku ile alimpisha mama yangu, na mtaa mzima uliona.